Swali la Bibi kwa Mtu wa Angani

Nta ikiyeyushwa mimi huwa sipo tena nilipo. Juzi jirani yangu alibandika sufuria la masega nyuma ya nyumba, nami nimekaa zangu kwenye kigoda nachambua mchicha. Harufu ilipopanda, mchicha ukanidondoka mkononi. Nikawa mtoto wa miaka sita, niko Kwihara, nimejificha nyuma ya kanga ya Bibi, tunawangoja warina asali.

Hao warina asali siyo niliokusudia kuwasimulia. Lakini mimi masimulizi yangu huingilia mlango wa uani, mtanivumilia. Shule niliishia darasa la nne, na kwa nini niliishia hapo mtajua wenyewe.

Wanaume wa kwetu walikuwa wakiingia porini mwezi mzima, na wakati mwingine zaidi. Walibeba unga wa mtama, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, ya kutafuna njiani, na mbwa. Siku ya kurudi tuliwanusa kabla ya kuwaona: moshi, jasho, nta. Sisi watoto mate yalitujaa, lakini hakuna aliyethubutu kukimbilia asali, maana katikati ya njia alikuwa amesimama Bibi Nyanzala, mama yake baba yangu, ameshika kibuyu cha maji kilichozibwa kwa gunzi la muhindi. Mwanamume hakunywa maji yale, wala hakwenda kwa mkewe, kabla ya kujibu swali la Bibi. Nalo lilikuwa moja tu:

"Mmemwacha nani njiani?"

Desturi hiyo ilikuwa ya wapagazi. Baba mkwe wa Bibi alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, na njia yao ilipita pale pale nyuma ya nyumba yetu, karibu na tembe alilokaa Mzungu mmoja msafiri enzi hizo. Walipeleka pembe pwani, wakarudi na nguo na shanga. Wengi hawakurudi: ndui, kiu, kuhara damu. Basi aliyerudi ilimpasa kwanza awataje waliobaki, jina kwa jina, kwa sauti ya kusikika. Asiyetajwa haliliwi, na asiyeliliwa, alisema Bibi, anaendelea kutembea na mzigo wake kichwani. Kudanganya mahali pale ilikuwa sawa na kumnywea ndugu yako maji yake. Hayo ni maneno yake.

Mara nyingi walijibu, "Hatukumwacha mtu, mama," wakanywa, na vigelegele vikaanza. Lakini siku ninayowaambia, kijana aliyetangulia, anaitwa Shija, hakukigusa kibuyu. Akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha akasema, "Tumemwacha Masele. Nyati."

Masele ndiye aliyekuwa akinitengenezea wanasesere wa magunzi. Nakumbuka nzi walitua juu ya asali na hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Bibi akazibua kibuyu, akammiminia Shija viganjani, akamwambia polepole, "Kunywa, mwanangu. Umemleta."

Neno hilo nililisikia nikiwa mdogo, nikaliweka.

Haya, sasa baba. Wakati Masele anauawa na nyati, baba yangu, Kasimu, alikuwa Urusi. Alikuwa fundi katika karakana ya reli pale Tabora mjini, na baada ya uhuru wakubwa walitafuta vijana hodari wa kupelekwa kusomea mitambo. Wakamchukua. Alikaa miaka mitatu. Aliporudi sikumjua, nikalia aliponibeba, kwa sababu alikuwa amevaa koti kubwa jeusi linalonuka kama kondoo aliyenyeshewa. Bibi alimsimamisha njiani na kibuyu chake kama mtu mwingine yeyote, naye akajibu vizuri: alimtaja mwenzake mmoja wa kutoka Kigoma aliyekufa huko kwa kifua. Akanywa. Siku hiyo alikunywa.

Koti lile alipewa na mwanaanga. Ndiyo, mwanaanga mwenyewe, anaitwa Arkadi. Baba alisimulia habari za Arkadi mpaka sisi watoto tukawa tunazijua kuliko sura za juzuu. Arkadi alizaliwa kijijini, baba yake akafia vitani, mama yake akawa anakamua ng'ombe kwenye shamba la pamoja. Alikwenda shule akikanyaga theluji inayofika magotini. Akajifunza kuchomelea vyuma, kisha urubani. Siku moja wakaja watu wa serikali wakitafuta marubani wafupi wenye moyo mtulivu. Wakamfungia ndani ya chumba kisichopitisha sauti, peke yake, siku hadi siku, waone kama atarukwa na akili. Wakamzungusha kama mtu anayezungusha jiwe kwenye kombeo. Miaka ikapita anangoja zamu yake, wenzake wanakwenda, yeye anawafungia mikanda na kuwapungia mkono. Mwishowe akapaa. Aliizunguka dunia yote, akala chakula kinachominywa kama dawa ya meno, na mkewe akapata habari redioni kama watu wengine. Akateremkia nyikani kwenye theluji, wachungaji wa kondoo wakamkuta, wakampa chai ya maziwa yenye chumvi.

"Na walimwuliza?" Bibi alikatiza kila mara hapo hapo.

"Kumwuliza nini, mama?"

"Aliowaacha njiani."

"Mama, alikwenda peke yake!"

"Hakuna aendaye peke yake," Bibi alisema, akarudi kwenye karanga zake. "Walimpa chai kabla ya kumwuliza. Watu gani hao."

Baba na Arkadi walionana kwenye chuo cha baba. Mwanaanga alikuja kuhutubia, na baada ya hotuba akatoka uani kuvuta sigara. Akamkuta Mwafrika mmoja amejikunyata ukutani anatetemeka, akavua koti lake akamvika. Wakazungumza mpaka sigara zikaisha. Arkadi alimwambia jambo ambalo baba alilisimulia kama kichekesho: kwamba alisafiri angani siku moja tu, na tangu hapo hakuruhusiwa kupaa tena, kazi yake ikawa kutembezwa mji kwa mji na nchi kwa nchi, kuisimulia siku hiyo. "Siku moja nimeruka," alisema, "na miaka yote iliyobaki nimekuwa redio." Sisi tulicheka. Ilikuwa kazi nzuri, kulipwa kwa kusimulia.

Pale kwetu alikuwepo mzee mmoja Mzaramo, Mzee Pazi, aliyeletwa na reli akaoa kwetu na kubaki. Nanyi mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi hizo za pembe. Pazi hakumpa baba nafasi. "Koti!" alisema. "Koti hata mimi ninalo. Nikisema nimevishwa na malaika, mtaniletea biriani? Wabeba pembe nyinyi, mkiona kitambaa tu mnaota pwani."

Lakini watu walimwamini baba. Na hapa ndipo panaponiuma.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, watu wa upande wetu hawakutaka. Mtu ana mji wake, ana makaburi yake, mihogo iko mlangoni, mizinga iko msitu wa nyuma. Umwambie ahamie uwanda ule wa kuelekea Ntalikwa, akapange nyumba kwenye mstari kama askari? Wakubwa walikuja wakahutubia, watu wakapiga makofi, wakarudi majumbani kwao kulala. Ndipo baba akasimama. Alivaa koti. Akawaambia, "Ndugu zangu, mama yake Arkadi alikamua ng'ombe wa wote kwenye shamba la wote. Na mtoto wake amefika wapi? Nawauliza, mtoto wa shamba la pamoja amefika wapi?" Watoto tukajibu kwa kelele: "Angaaani!"

Tulihama. Familia baada ya familia, vyungu kichwani na kuku kwapani. Baba akafanywa katibu wa kijiji. Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya: shule tuliipata, na mimi nikaingia darasa la kwanza nikiwa nimeshaota magego, na baba akaniapia kwamba nitasoma mpaka mimi mwenyewe nichoke. Ila mashamba yalikuwa mbali, na mizinga ya asali tuliiacha nyuma, nyuki wakahama kwa hiari yao.

Kisha ikaja habari iliyomfanya baba asile siku mbili kwa furaha. Arkadi anakuja! Anatembelea nchi rafiki, atapita Tabora, na wakubwa wamechagua aonyeshwe kijiji chetu. Na mkalimani atakuwa baba.

Kulikuwa na jua la mwezi wa kumi, lile la kabla ya mvua, linalompasua hata mjusi. Baba akavaa koti. Mama akamsihi, "Baba Zena, utaanguka." Zena ni mimi. Baba akasema atalivaa hata akianguka. Uwanja wa shule ulijaa. Magari yakaja, vumbi likatutangulia usoni, akateremka bwana mkubwa wa wilaya, akateremka Mrusi mmoja mwenye miwani myeusi, na nyuma yake kizee kifupi chenye kipara na nishani kifuani, kinachechemea.

"Ndiye huyo?" Bibi aliuliza kwa sauti. "Hata Pazi ni mrefu."

Yule mfupi akapitisha macho kwenye mstari wa watu waliojipanga kumpokea. Akaliona koti. Akasimama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka kicheko cha mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea, akamkimbilia baba kwa mguu wake ule mbovu na kumkumbatia na jasho lake lote. Uwanja ulilipuka. Mzee Pazi akavua kofia yake, akaiweka chini mbele ya baba, akasema, "Mbeba pembe, leo umenishinda." Nawaambia, kama mtu angeweza kufa akiwa mahali pa juu kabisa pa maisha yake, ningemwombea baba afe dakika ile ile.

Arkadi akahutubia, baba akafasiri: dunia ni ya buluu, urafiki ni mkubwa, umoja ni nguvu. Baadaye bwana mkubwa akauliza kama kuna mwenye swali, vile wanavyouliza huku wamekwisha kuinuka kwenda kula. Bibi akatokeza. Alikuwa na kibuyu.

"Mwambie hivi," alimwambia baba. "Wewe umekwenda mbali kuliko wote, na umerudi. Uliwaacha nani njiani?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana mkubwa akasema, "Mama, mgeni wetu ana safari, mambo ya kizamani tuyaache."

"Mwacheni mkwe wangu aulize!" Pazi akadakia. "Sisi Wazaramo ndio tuliokuwa tukiwazikia wapagazi wao, ana haki!"

Basi baba naye akicheka, akafasiri. Na kizee kile hakikucheka.

Alingoja mpaka kicheko cha watu kikaisha chenyewe. Halafu akaanza kusema, taratibu, akimtazama Bibi, siyo sisi wengine. Alisema kwa muda mrefu. Akanyanyua mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akakikunja kidole kidogo, akasema maneno. Akakunja cha pili, akasema. Akakunja cha kati, akasema. Yule mwenye miwani myeusi akamsogelea, akamshika kiwiko. Arkadi akakitoa kiwiko chake, akamaliza.

Tukamgeukia baba. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kwenye koti mpaka kwenye viatu. Alimtazama bwana mkubwa. Akatutazama sisi, ile mistari yake ya nyumba iko nyuma yetu.

"Anasema anashukuru kwa swali," baba alisema. "Anasema hakumwacha mtu. Wote walirudi salama."

Makofi. Lakini Bibi hakuondoka. "Maneno yote yale," alisema, "ndiyo yamezaa mtoto mdogo hivi?" Watu wakacheka tena. Yeye akamwendea mgeni, akazibua kibuyu, akammiminia maji viganjani, akamwambia kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinyamwezi, "Kunywa, baba. Umewaleta."

Arkadi hakujua neno hata moja, na alikunywa mpaka tone la mwisho. Baba, kwa kiu iliyomshika, naye akakinga viganja. Bibi akachukua gunzi lake, akaziba kibuyu, akaondoka.

Mtu yeyote anajua mwenzake anapohesabu watu. Kwa hilo Kirusi hakihitajiki.

Mgeni walimpakia garini kabla ya chakula. Mbuzi wawili waliochinjwa wakaliwa na wakubwa. Redioni tulikuwa tumezoea kumsikia Arkadi akitajwa, leo yuko nchi hii, kesho ile; tangu siku ile hatukumsikia tena. Baba alikuwa akisogeza sikio redioni kila jioni. Hakuna.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikuwa anatwanga, mimi napepeta. Baba akaja akakaa kwenye kinu kibovu kilichopinduliwa, akasema bila kuulizwa. Kidole kidogo ni dada yake Arkadi. Cha pili ni dada mwingine, mdogo zaidi. Walikufa kwa njaa, mwaka ule ng'ombe wao alipochukuliwa kupelekwa kwenye shamba la pamoja, na mama yao akawa anakamua maziwa asiyoruhusiwa kubeba hata kikombe. Cha kati ni rubani mwenzake, aliyeungua akiwa kwenye mazoezi, na jina lake likafutwa, wakakatazwa kulitaja, hata mamake aliambiwa habari nyingine.

"Alisema hajawahi kuulizwa," baba alisema. "Nchi zote hizo, mama. Wanamwuliza kama alimwona Mungu. Wanamwuliza anakojoaje. Akasema huyu bibi ndiye wa kwanza."

Bibi hakuacha kutwanga. "Na wewe ukawafukia tena."

"Ningesemaje, mama? Watu wote hawa nimewahamisha mimi. Kwa habari za mama yake mtu huyo huyo."

Jioni yake Bibi alitandika mkeka nje ya nyumba, akakaa matanga ya Warusi watatu. Watu walidhani uzee. Mzee Pazi peke yake ndiye aliyekuja, akakaa kwenye ncha ya mkeka, na siku hiyo hakutania.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja ikatuchungulia ikaondoka. Mashamba mbali, mihogo yetu ya zamani imeliwa na nguruwe mwitu, asali hakuna. Tulikula michembe, viazi vikavu vya akiba, mpaka ikaisha, kisha mizizi. Watoto wakaanza kuvimba miguu. Mdogo wangu wa mwisho, Juma, alikuwa na tabia ya kulala huku ameshika sikio langu. Siku moja kabla ya adhuhuri mkono wake ukaniachia. Hakuwa wa kwanza pale kijijini.

Haikupita wiki, bwana mkubwa akaja kutazama hali. Tulikusanywa uwanjani pale pale. Akauliza kama ni kweli yanayosemwa mjini, kwamba hapa watoto wanakufa kwa njaa. Akamtazama katibu. Baba akasimama. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, maziwa bado yanamtoka, yameloanisha kanga.

"Uongo wa maadui, Ndugu," baba alisema. "Palikuwa na homa kidogo. Hatujampoteza mtu kwa njaa."

Makofi yalikuwa machache safari hii, ila yalikuwepo.

Nimekuwa mtu mzima, nimezika mume, nimezika na watoto, ndipo nikaielewa siku ile ya jua la mwezi wa kumi. Nilipokuwa mdogo niliona baba alikosea kazi ya kufasiri tu, kama mtu anayepoteza mechi. Leo najua kwamba mtu yule aliizunguka dunia nzima na nishani zake, na mahali pamoja tu, kwenye vumbi letu, kwa kikongwe asiyejua kusoma, aliulizwa swali la kweli. Akalijibu, na bila shaka alilipia. Na jibu lake likafia mdomoni mwa baba yangu. Aliyekufa mdomoni mwako huwa hatoki. Siku ya pili unapoulizwa habari za mwanao mwenyewe, unamkuta yeye amekaa mlangoni, na jina la mwanao halina pa kupita.

Baba alirudi nyumbani kutoka mkutanoni kwa miguu, koti begani. Bibi alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia uani, na kibuyu. Alikuwa amekonda, mishipa ya mkono imemsimama kama kamba za mzinga.

"Kasimu," alisema. "Umemwacha nani njiani?"

Jina moja tu. Juma. Herufi nne, hata mimi wa darasa la nne niliweza kuliandika. Mama alitoka ndani, akasimama mlangoni. Nilimwona baba akifungua mdomo. Nilimwona akimeza. Akalitandika koti juu ya ua, polepole, kama mtu anayelianika, akageuka. Akashika njia ya zamani, ile ya misafara, inayopitia Itetemia, mikono mitupu, hakugeuka nyuma. Bibi aliendelea kusimama na kibuyu mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia, halafu akayamwaga maji chini. Baba hakurudi.